Kikomeo cha Darubini

Dada yangu Mwanaidi tulimzika mwezi uliopita, siku ya Ijumaa. Siku ya tatu baada ya maziko binti yake Zuhura aliniita chumbani kwa marehemu, akanikalisha kwenye kigoda, akaniwekea ugali wa uwele na mlenda, akasema, "Kula kwanza, Mjomba. Kuna kitu Mama ameacha nikupe, ila alisisitiza nisikupe mpaka ushibe." Mimi sasa ni mzee, meno yamebaki machache, na wanaonijua watakwambia sina subira hata ya kungoja uji upoe. Nikamwambia alete hicho kitu, chakula nitakula baadaye. Akakataa katakata. Mkaidi kama mama yake. Basi nikala huku nikikitazama kile chumba: kitanda cha kamba, sanduku la bati, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa upande mmoja tu, kwa kuwa dada alisema upande wa pili wageni hawauoni, kwa nini aumalizie chokaa. Nilipomaliza kunawa, Zuhura akafungua sanduku, akatoa kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne, akakifungulia kiganjani mwangu. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole gumba, ncha yake moja imepinda. Nilikitambua kabla hata hakijanigusa. Nilikichonga mwenyewe kwa tupa, mwaka ule reli ilipofika Dodoma na Mjerumani akiwa ndiye mwenye nchi.

Ya utotoni sitayasimulia. Kwetu Kondoa tulifua majembe, hilo linatosha. Nilishuka Dodoma nikiwa mwanamume kamili, na ndevu zangu na majivuno yangu, nikapata kazi kwenye karakana ya reli kwa sababu mkono wangu kwenye tupa haukuwa na mfano. Hili nalisema bila haya, maana ndilo lililoniponza. Nilikaa kwa Dada Mwanaidi na mumewe Salimu, kwenye tembe ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Upepo wa kiangazi ukivuma, dari ya udongo ilidondosha mchanga kwenye chakula, na mwaka ule tulikula mchanga kweli kweli. Salimu alikuwa mshika bunduki wa Mzungu mmoja aliyepewa kazi ya kuwinda nyama ya kuwalisha vibarua wa reli. Yeye ndiye aliyefuata nyayo, akabeba bunduki ya pili, na akasimama pale pale wakati wenzake wanapanda miti. Mtu mrefu, mwembamba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Hakuweza kupita karibu yangu bila kunichokoza. "Shemeji," ataniambia tukiwa tumezunguka sinia, "hizo ndevu umeziazima wapi? Mwenyewe akizitaka utabaki na uso gani?" Na dada, aliyekuwa na mimba ya kwanza na kila kitu kinamchefua, atasema, "Mwache mdogo wangu ale, we mwanamume." Kisha wote wawili watacheka, nami nitanuna, maana mimi sikuzaliwa na moyo wa kutaniwa. Leo ningetoa jicho langu moja nitaniwe vile tena.

Yule Mzungu tulimwita Bwana Saa, kwa kuwa hakuweza hata kunywa maji bila kwanza kutoa saa mfukoni. Siku moja aliingia karakanani na bunduki yake mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika darubini mpya iliyokuja kwa meli, ile ya kufungwa juu ya bunduki ili mnyama wa mbali aonekane kama yuko mlangoni. Darubini ilifika salama, lakini kile chuma cha kuikalisha juu ya bunduki, sisi tulikiita kiti, hakikuja nayo. Kuirudisha bunduki Ulaya ikafungwe huko ingechukua zaidi ya nusu mwaka. Akanifungulia kitabu cha picha juu ya meza. "Fundi, tazama. Viti viwili." Kiti cha kwanza kilifungwa moja kwa moja, kikakamatana na bunduki, basi, darubini haitoki tena. Cha pili kilikuwa na kucha mbele na kikomeo nyuma: ukisukuma kikomeo kwa dole gumba, darubini inanyanyuka yote mkononi mwako, na bunduki inabaki na vilengeo vyake vya chuma vya kawaida, vya kulengea kwa jicho tupu. "Chagua unachoweza," akasema, na tayari alikuwa anaangalia saa.

Nilichagua cha kwanza moyoni papo hapo, na lazima nieleze kwa nini, maana mtu asiyetoka kwa wahunzi hataelewa. Kwetu jembe likichomoka kwenye mpini, mwenyewe halipigii kelele. Analileta kwa mhunzi aliyelifua, analaza mpini huku na jembe huku mlangoni pa kiwanda, anaondoka bila neno. Wote wanaopita wanaona. Nilimwona mhunzi mtu mzima akilia kwa jambo hilo, na kila aliyefundishwa kufua kwetu amefundishwa hivyo: chuma kizuri ni kile kisichotoka. Sasa Mzungu ananionyesha kiti ambacho uzuri wake ndio kutoka! Nilikiona kama kitu kilichokwisha haribika kabla hakijatengenezwa.

Mchana ule nilimsimulia Salimu tukila. Akaweka tonge chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Shemeji, hebu nisikilize, na leo sitanii. Nitengenezee kile kinachotoka." Nikamwuliza kwani yeye inamhusu nini, bunduki ni ya Bwana. "Bwana anapiga mnyama akiwa mbali, na darubini yake. Mnyama akijeruhiwa akaingia kichakani, Bwana anachukua ile bunduki nzito, na hii ananipa mimi. Nani anaingia kichakani na hii? Mimi. Mle ndani mnyama anatokea hapa," akanyoosha mkono mpaka kwenye jagi la maji, "na mtu akichungulia kwenye darubini kwa umbali huo haoni kitu ila manyoya. Hajui kama ni bega au tumbo. Lazima niing'oe, na niing'oe kwa dole moja." Dada alikuwa amesimama mlangoni, kata ya maji mkononi. Akasema, "Hamisi, umesikia?" Nikasema nimesikia. "Basi niahidi," akasema Salimu. Nikamwahidi, wallahi, mkono wangu ukiwa bado na mlenda.

Nikaanza kazi. Nilichonga kucha mbili za mbele na matundu yake, nikachonga kikomeo na springi yake ndogo. Kazi ya kuvilinganisha ndiyo iliyonitoa jasho. Unashika chuma juu ya moshi wa koroboi mpaka kiwe na masizi, unakikalisha mahali pake, unakitoa, unatazama masizi yamefutika wapi. Pale palipofutika ndipo vyuma vinapogusana, basi unapapitisha tupa mara moja, unarudia masizi. Mara mia, mara mia mbili, huku vidole vimekuwa vyeusi hata dada akanikataza kushika mkate. Nilipofika siku ya saba Bwana Saa akaja, akasema Jumamosi anasafiri kwenda vichaka vya upande wa Itigi, ataijaribu bunduki sasa hivi. Ilikuwa Jumatano. Nikamwambia bado siku tano. Hakuambilika. Tukaenda nyuma ya karakana, akatundika kibao, akapiga risasi tatu. Moja ilipiga juu, moja pembeni, na ya tatu hatukuiona ilikokwenda. Kiti kilikuwa kinacheza, kidogo tu, unene wa unywele, lakini kwa risasi unywele ni mwingi. Bwana akanirudishia bunduki mbele ya mafundi wote na Salimu akiwepo. "Hii kazi ya majembe," akasema. Mafundi wakacheka. Yuko mmoja aliyerudia neno lile mpaka jioni, kila anaponipita: "Kazi ya majembe! Kazi ya majembe!" Damu ilinichemka nikaona giza.

Salimu alinifuata, akanishika bega. "Usimsikilize. Mwambie asafiri na bunduki ya zamani, hii imalizike polepole. Mimi nitamwambia." Sikutaka kusemewa na mtu. Nilimwondoa mkono. Alhamisi asubuhi nikaibana bunduki kwenye meno ya jiliwa la mezani, nikatoboa matundu mawili chini ya kiti, mahali ambapo jicho halifiki, nikapitisha vijiti viwili vya chuma, nikavigonga ncha zote mbili mpaka vikatanuka, nikavipitisha tupa vikalingana na uso wa kiti, nikapaka mafuta na kuvichoma vikawa vyeusi kama chuma kingine. Kiti na bunduki vikawa kitu kimoja. Kikomeo nilikiacha mahali pake. Kilikuwa kimekaa vizuri, kinang'aa, kina mikwaruzo midogo ya kushikia dole ambayo niliichonga kwa madaha, lakini hakikufungua kitu tena. Nilijiambia maneno mengi siku ile. Nilijiambia Bwana akishalenga bunduki yake atakataza mtu kugusa darubini, isije ikahama, kwa hiyo hakuna atakayejaribu kuitoa. Nilijiambia wakirudi nitavitoa vijiti usiku mmoja, nitamalizia kazi ya masizi, na hakuna atakayejua. Niliyasema yote hayo, na hata moja halikuwa na uzito, maana kilichokuwa kichwani mwangu ni kile kicheko cha mafundi.

Ijumaa Bwana akapiga tena. Risasi tatu, na zote tatu ungezifunika kwa kikombe cha kahawa. Akashusha bunduki, akanipa mkono, na Mzungu wakati ule hakumpa mtu mkono hivi hivi. "Sasa fundi kweli," akasema, na akawaambia wote kwamba tangu sasa darubini ile isiguswe na mtu yeyote mpaka kichakani, kama nilivyotabiri. Yule mcheshi wa karakana alitazama chini. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Baada ya chakula nilijilaza chumbani kwangu, na kwa kuwa ukuta wa kati haukufika darini, nikamsikia Salimu upande wa pili akizungumza na mkewe. "Safari hii roho yangu imetulia, Mwana. Zamani nikiingia kichakani tumbo linauma siku nzima. Safari hii nina kitu alichonitengenezea ndugu yako." Dada akasema, "Na wewe ukome kumtania ndevu zake." Salimu akacheka. "Nikirudi nitamwambia ukweli, kwamba zinampendeza." Nilikuwa nimelala chali, nikitazama dari. Ningeweza kuinuka. Kutoka kitandani kwangu hadi mlango wao hatua hazikuzidi nne. Watu huniuliza, kwa jinsi ninavyopenda kubishana na kila mtu, kama kuna jambo ninalolijutia maishani, nami huwapa jibu la kipuuzi. Ninajutia hatua zile nne.

Jumamosi asubuhi tulikunywa uji pamoja. Salimu alikuwa amevaa mkanda wake wa risasi, na dada alikuwa anamfungia unga na chumvi kwenye mfuko. "Shemeji," akaniuliza, "Bwana hataki niguse, kwa hiyo sijaijaribu. Inatoka vizuri?" Nikasema, "Inatoka." Nilisema nikiwa nimeinamia bakuli. "Kwa dole moja?" "Kwa dole moja." Akanipiga mgongoni, akamuaga dada kwa macho kama desturi yake, akatoka akipiga mluzi. Tulimsikia akimtania mwuza maziwa njiani.

Walirudi wiki ya tatu bila yeye. Aliyetuletea habari ni Lechipya, Mgogo aliyekuwa mfuata nyayo mwenzake, mtu mpole asiyejua kuongeza chumvi kwenye maneno. Alikaa chini uani, akakataa maji, akasimulia akitazama viatu vyake vya ngozi ya ng'ombe. Bwana alimpiga nyati kwa mbali, nyati akajeruhiwa, akaingia kichakani. Bwana akachukua bunduki nzito akapita kushoto. Salimu akapewa ile ya darubini, wakapita kulia yeye na Lechipya. Nyati alikuwa amezunguka, anawangoja. "Alitokea karibu sana," Lechipya akasema. "Salimu hakushtuka. Aliweka dole kwenye kile kichuma akasukuma. Akasukuma tena. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta hana ufunguo. Akasukuma mara ya tatu kwa nguvu zote." Dada alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Walimzika kule kule, wakamsomea waliojua kusoma. Lechipya akafungua kitambaa: mkanda wa Salimu, kisu chake, na kile kikomeo, kimekatika na kupinda. "Hiki kilikuwa kwenye ngumi yake," akasema. "Tulipata taabu kumfungua vidole."

Siku iliyofuata Bwana Saa alikuja karakanani. Alikuwa na huzuni, sitamsingizia, macho yake yalikuwa mekundu na siku hiyo hakutazama saa. Akaweka bunduki mezani. Kitako chake kilikuwa kimepasuka, mtutu umekwaruzwa. Darubini ilikuwa imekaa pale pale. "Nyati ameikanyaga," akasema. "Haikusogea hata kidogo. Kazi nzuri sana, fundi." Akaniandikia barua ya kunisifu, na kwa barua ile nilikuja kuwa msimamizi wa mafundi, na kwa usimamizi ule niliwaoza binti zangu na nikajenga nyumba ya bati. Mara nyingi nimefikiri kwamba laiti angenitukana.

Dada alikaa eda katika chumba kile kile. Nilimpelekea maji, na yeye, mjane mwenye mimba kubwa, akasisitiza kunipikia kwa mkono wake. Siku moja adhuhuri aliniwekea ugali, akakaa mkabala nami, akafungua kiganja. Kikomeo. Msisahau kwamba dada alikuwa binti wa mhunzi. Alivukuta mivukuto ya kupulizia moto kabla mimi sijazaliwa, na alijua kutazama chuma akakwambia kimeingia motoni mara ngapi. Akaniuliza, wala sauti yake haikupanda, "Hamisi, ile darubini ilikuwa inatoka?" Nikasema, "Ilikuwa inatoka, Dada. Labda mchanga uliingia." Akanitazama. Kisha akafunga kiganja, akasema, "Haya. Kula, ugali unapoa." Hakuniuliza tena. Zuhura alizaliwa baada ya mwezi, nikamwadhinia sikioni kwa kuwa hapakuwa na baba. Zaidi ya miaka arobaini nimekula kwa dada yangu, sikukuu na siku za kawaida, na hakuna siku aliyosahau kuniongezea. Mimi, mpumbavu, niliamini kwamba alinisadiki.

Sasa kikomeo kilikuwa kiganjani mwangu, chepesi, kimepata kutu kidogo tu kwa jinsi kilivyotunzwa kwa mafuta. Zuhura alikuwa ameketi mkabala nami, mahali alipokaa mama yake, na ana paji la uso la Salimu na miguu yake mirefu. "Mama hakuniambia ni nini," akasema. "Alisema wewe ndiye utakayeniambia. Alisema, 'Mjomba wako akishashiba, mwulize kama darubini ilikuwa inatoka.' Nikamwambia sielewi. Akasema wewe utaelewa." Uani wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya msiba. Nilitaka kusema nimechoka. Nilitaka kusema mchanga. Nikasema, "Haikuwa inatoka. Niliigonga vijiti viwili ili isitoke, na nikamwambia baba yako inatoka." Nikamsimulia yote, kicheko cha mafundi, hatua nne, uji wa asubuhi, bila kujipunguzia, na mara nyingine nililia ikabidi ningoje.

Zuhura hakulia. Alipoona nimemaliza akauliza, "Huyo Lechipya alisema kweli kwamba Baba alikuwa anatabasamu?" Nikasema ndivyo alivyosema. Akatikisa kichwa polepole. "Sijui kama nitakusamehe, Mjomba," akasema. "Mama alikuwa na miaka yote hiyo ya kufikiri. Mimi nimeanza leo." Akakichukua kikomeo kutoka mkononi mwangu, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akabeba sahani yangu, akatoka kwenda kuwasaidia wenzake kuosha vyombo.